Shavu la umeme: dawa ilinituliza, kisha ikanipepesua

BARUA

Ndugu wahariri wa safu,

Naandika kwa sababu kuongea kunaniumiza. Nina miaka 43, na ugonjwa wa multipo sklerosisi (MS), ule unaoacha makovu kwenye ubongo na uti wa mgongo, ninao kwa mwaka wa 9 sasa. Natembea bila mkongojo, ila mguu wa kushoto hukakamaa, na kwa hilo nameza baklofeni miligramu 10 mara tatu kwa siku.

Miezi 5 iliyopita, nikipiga mswaki, nilipigwa na kitu kama shoti ya umeme upande wa kulia, kutoka pembe ya mdomo hadi karibu na sikio. Sekunde chache tu, kisha kimya. Siku iliyofuata zikaja mara nne, wiki iliyofuata sikuweza tena kuhesabu. Daktari wa meno aling'oa gego moja, kisha la jirani yake, na maumivu hayakupumzika hata siku moja. Daktari wangu wa neva ndiye aliyeyapa jina: nyuralgia ya trijemina, yaani maumivu ya neva inayobeba hisia za uso. Alinianzishia kabamazepini miligramu 100 asubuhi na 100 usiku, akapandisha hadi 200 mara mbili. Baada ya siku nne nikatafuna tena kama watu. Nilidhani nimepona. Wiki ya tano shoti zikarudi, akaniongezea hadi 200 mara tatu, nikatulia.

Kisha nikaugua kifua. Nilikwenda kituo kingine kilichokuwa karibu, nikaandikiwa antibayotiki, klarithromaisini ya siku 7. Siku ya tatu nilianza kupepesuka kama mlevi, nikaona vitu viwili viwili, nikatapika. Moyoni nilijua MS imelipuka upya. Dada yangu akasema ni sumu ya vidonge, basi nikapunguza kabamazepini mwenyewe hadi kidonge kimoja cha 200 usiku. Kupepesuka kumekwisha, lakini hii ni wiki ya tatu nachomwa kila nikitafuna, na nimepungua kilo 6.

Je, MS yangu imesogea mbele? Kwa nini dawa ilifanya kazi, ikaacha, kisha ikaniangusha? Niombe upasuaji? Na kwa sasa nile vipi, mswaki nipige vipi?

Mwenye Shavu la Umeme

JIBU

Dada, pole sana. Kilo 6 ni nyingi, kwa hiyo la kwanza ni hili: daktari wako wa neva apate habari zako kesho, si siku ya kliniki ijayo. Ukifika mahali huwezi kunywa maji wala kumeza vidonge, usisubiri kesho. Nenda idara ya dharura na useme jina la ugonjwa wako, maana pale wana njia ambazo nyumbani hazipo: maji ya mshipani, dawa ya kutuliza neva iitwayo fosfenitoini kwa dripu huku moyo ukiangaliwa kwa mashine, au sindano ya ganzi kwenye tawi la neva ili upate saa chache za kula na kumeza dawa. Sindano za jamii ya mofini husaidia kidogo sana maumivu ya aina hii. Ukichomwa moja ikakuacha unasinzia na shoti zinaendelea, usidhani umefika mwisho wa tiba.

Sasa turudi kwenye siku ya tatu ya klarithromaisini, kwa sababu nusu ya maswali yako yanajibiwa hapo.

Kabamazepini huvunjwa na ini kwa kimeng'enya ambacho klarithromaisini hukizuia. Ulipomeza zote mbili, vidonge vyako vitatu viliingia kama kawaida lakini havikutoka kama kawaida, na kiwango cha dawa kwenye damu kikapanda siku hadi siku ingawa hukuongeza hata robo ya kidonge. Kiwango ambacho maabara hukihesabu kuwa salama ni miligramu 4 hadi 12 kwa lita. Kikipita hapo, na kwa mwenye MS hata kabla ya kupita, mtu huyumba, huona viwili viwili, hutapika na kusinzia. Umetaja dalili hizo karibu zote. Aliyekuandikia antibayotiki huenda hakujua unameza kabamazepini, au alijua na hakufikiria. Vyovyote vile, ulikuwa na dawa nyingi mwilini kuliko ulizoandikiwa, na hilo si sawa na mwili kuikataa dawa. Tunalikazia kwa sababu wagonjwa wengi katika hali kama yako huondoka wakisema "kabamazepini hainipatani", wanaandikiwa hivyo kwenye faili, na dawa bora waliyokuwa nayo inafutwa bure.

Eritromaisini hufanya vilevile. Flukonazoli ya fangasi nayo hupandisha, hata juisi ya balungi. Azithromaisini ni ndugu yao lakini kwa kabamazepini haina tabia hiyo kwa kiwango cha kutia wasiwasi, kwa hiyo kifua kikikusumbua tena ni jina la kumtajia daktari.

Unaweza kuuliza: nitajuaje siku nyingine kwamba ni dawa na si MS? Mlipuko wa kweli wa MS hujijenga kwa saa au siku kadhaa, hudumu zaidi ya saa 24, na haujali umemeza kidonge saa ngapi. Kupepesuka kwa dawa hufuata saa. Kidonge cha kawaida cha kabamazepini hufika kilele saa 4 hadi 5 baada ya kukimeza, na ndipo sakafu inapoanza kucheza. Kabla ya dozi inayofuata mtu huwa amepata ahueni. Andika kwa siku mbili saa ya kila kidonge na saa ya kila kuyumba, utauona mchoro wenyewe. Kuna jambo la tatu la kuhesabu: homa ya kifua yenyewe huweza kuamsha dalili za zamani za MS kwa muda, bila kovu jipya lolote, na huisha homa ikiisha. Kwako wewe kuona viwili viwili na kutapika vilivyoanza siku ya tatu ya antibayotiki, vikaondoka dozi iliposhuka, vinaelekeza kwenye dawa. Kama kungebaki hata kidogo cha kupepesuka leo, tungesema vingine.

Na ile wiki ya tano? Hapo hapakuwa na kosa la mtu. Kabamazepini ina tabia ya kulifundisha ini kuivunja yenyewe kwa kasi. Siku za mwanzo huchukua kati ya saa 25 na 65 kwa nusu ya dozi kuondoka damuni. Baada ya wiki 3 hadi 5 za matumizi, ni saa 12 hadi 17 tu. Miligramu 400 za wiki ya kwanza na miligramu 400 za wiki ya tano si dawa ileile kwa mwili wako, ingawa kopo ni lile lile. Daktari wako alifanya sawa kupandisha. Angekuonya mapema, usingetishika.

Jambo hilohilo sasa linageuka upande wa pili. Umekaa wiki tatu kwa miligramu 200, na ini limeanza kusahau somo. Ukirudi ghafla kwenye 600 kesho asubuhi kwa sababu maumivu yamekuzidi, utapepesuka tena, na safari hii bila antibayotiki ya kulaumiwa. Kupanda kunakokubalika ni kwa ngazi ya miligramu 100 kila baada ya siku 3: 300 kwa siku, kisha 400, kisha 500, kisha 600, na unasimama kwenye ngazi ambayo shoti zimetulia, hata kama ni ya 400. Mpelekee daktari mpango huo, kwa sababu yeye ndiye anayejua figo, ini na damu yako. Ngazi nne ni siku 12. Ni nyingi kwa mtu mwenye njaa, ndiyo maana tumesema simu ni kesho.

Muulize pia kuhusu vidonge vinavyotoa dawa polepole. Vile vya kawaida mara tatu kwa siku hupanda na kushuka, na mwenye MS huanguka kwenye vilele. Dozi ileile ya 600 kwa vidonge vya polepole inaweza kugawanywa 200 asubuhi na 400 usiku, kilele kikashushwa na usingizi ukabeba sehemu ya kusinzia. Vidonge hivyo havitafunwi wala kusagwa. Ukivisaga dawa ya saa 12 inamwagika kwa pamoja. Kama kumeza ndiko kunakoamsha shoti, ipo dawa ya maji, ila hiyo hunyonywa haraka, kwa hiyo jumla ya siku hugawanywa mara nyingi zaidi kwa dozi ndogo ndogo. Na kitu kimoja tunachokisikia kila mara: kumeza kidonge cha ziada shoti inapopiga hakusaidii lolote. Shoti imekwisha kabla maji hayajafika tumboni, na kidonge kitafika kilele saa 4 baadaye ukiwa ngazini. Dawa hii ni ya kuweka kiwango, haizimi moto uliokwisha kuwaka. Parasetamoli na ibuprofeni, usizipoteze huku.

Ukipanda hadi ulipotulia bila kuyumba, basi. Wapo wanaohitaji hadi 1200 kwa siku, lakini wenye MS wengi hawafiki huko, kwa sababu ubongo ambao tayari una makovu kwenye njia za mizani hulevywa na dozi ambayo mtu mwingine angeibeba akienda kazini. Ukikwama, yaani 500 haitoshi na 600 inakuangusha, usisukume. Hapo huongezwa dawa ya pili ya njia nyingine. Wewe tayari unayo mojawapo: baklofeni si ya mguu tu, hutuliza pia nyuralgia hii, na kutoka miligramu 30 za sasa daktari anaweza kupanda taratibu, pengine 5 kwa kila dozi, kuelekea 60 kwa siku. Bei yake ni kwamba hulegeza. Kama mguu ule uliokakamaa ndio unaokushikilia usimame, utagundua unakunja goti bila taarifa, kwa hiyo panda siku ambazo yupo mtu nyumbani. Baklofeni haikatizwi ghafla hata siku moja: kuikata kwa mpigo huleta kuona vitu visivyokuwepo na degedege.

Nyingine ni gabapentini, inayoanzwa na 300 usiku na kupandishwa hadi 1800 au zaidi kwa siku kwa dozi tatu. Haipiti kwenye ini, hivyo haigombani na nyingine, ila mwenye figo dhaifu hupewa kidogo. Lamotrijini hufaa pia, lakini hupandishwa kwa wiki nyingi kuanzia 25, kwa hiyo haimfai mtu anayehitaji kula wiki hii. Oksikabazepini ni binamu wa kabamazepini, ina migongano michache na dawa nyingine, na kwa hesabu ya juu juu 300 yake husimama mahali pa 200 ya kabamazepini. Inachokuwa mbaya nacho zaidi ni kushusha sodiamu, chumvi ya damuni.

Damu yako imepimwa lini? Hukutaja, na tunashuku haijapimwa. Kabla ya kuanza kabamazepini na tena wiki chache baadaye huangaliwa sodiamu, chembe nyeupe na ini. Sodiamu ikishuka mtu huumwa kichwa, huchoka, huchanganyikiwa na kuyumba, na hayo yote kwa mwenye MS huitwa MS na kuachwa yaendelee. Chembe nyeupe zina uzito zaidi kwako kama dawa yako ya kuzuia milipuko nayo huzipunguza. Dawa hiyo pia hukuitaja. Kama ni fingolimodi au siponimodi, mwambie daktari wa neva waziwazi kwamba unapanda tena kabamazepini, maana huzishusha damuni na kukuacha na kinga pungufu dhidi ya MS yenyewe. Vidonge vya uzazi wa mpango, pamoja na vipandikizi, hudhoofishwa vilevile. Kitanzi hakiguswi.

Yapo mambo mawili yanayokuruhusu kusimamisha kabamazepini bila kumngoja mtu: vipele vinavyosambaa pamoja na homa, au vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri. Hapo unasimamisha na kwenda hospitali siku hiyohiyo. Kwa kuwa umeishaitumia miezi kadhaa, hatari kubwa ya vipele imepita, kwani mara nyingi hutokea ndani ya wiki 8 za mwanzo. (Wenye asili ya Kusini-Mashariki mwa Asia hupimwa jeni moja kabla ya kuanza, kwa sababu kwao hatari hiyo ni kubwa zaidi.) Na aliyepata vipele hivyo asihamishiwe oksikabazepini, kwa kuwa kati ya watu 100 wenye mzio wa moja, 25 hadi 30 hupata mzio wa nyingine.

Je, MS imesogea? Hapana, hatuoni hivyo kutokana na barua yako, lakini swali linastahili kipimo. Neva ya trijemina ni ya tano kati ya neva za kichwa, nayo hubeba hisia za uso kwa matawi matatu: la paji na jicho, la shavu na taya la juu, la taya la chini. Yako ni matawi ya chini, kama kwa wengi. (Watu huichanganya na neva ya saba, ile inayopooza uso ukapinda. Hiyo ni ya misuli, na ukimwambia mtu wa meno au wa mapokezi "neva ya uso" anaweza kufikiria hiyo.) Mahali neva ya tano inapoingia kwenye shina la ubongo ndipo MS hupenda kuacha kovu. Ala ya mailini, yaani ganda linalofunika nyuzi za neva, ikitoka, nyuzi za kugusa na nyuzi za maumivu hubaki uchi zikigusana, na ujumbe wa mswaki unarukia waya wa maumivu. Kovu hilo linaweza kuwa la miaka mingi, limekaa kimya, na likaanza kupiga kelele leo bila MS kufanya lolote jipya. Katika kila watu 100 wenye MS, kati ya 2 na 5 hupata hali hii, takriban mara 20 zaidi ya watu wengine, mara nyingi wakiwa na umri mdogo zaidi. Kwao pia ni rahisi zaidi kushambulia pande zote mbili.

Omba MRI kama hujafanyiwa tangu maumivu yaanze, na uombe iwe na vipande vyembamba kwenye mzizi wa neva ya tano. Ile ya kawaida ya kufuatilia MS hupita hapo kwa hatua ndefu mno. Inatafutwa mambo mawili: kovu, na mshipa wa damu unaoigandamiza neva. Kwa baadhi ya wenye MS vyote viwili vipo, na hilo hubadilisha mazungumzo ya upasuaji. Mpigie daktari mapema ukiona ganzi ya kudumu shavuni, uso kulegea, jicho kufifia, au malengelenge, kwa sababu hayo si tabia ya shoti hizi. Steroidi za mshipani hutolewa kama kuna mlipuko mpya pamoja na maumivu. Kwa nyuralgia peke yake haziondoi kitu.

Kuhusu magego, yameshatoka. Kuanzia leo jino lolote upande huo lisiguswe bila picha inayoonyesha tatizo. Jino bovu huuma kwa kupwita, huendelea dakika nyingi baada ya maji baridi, na hukuamsha usiku. Shoti ya trijemina hukata baada ya sekunde, haizidi dakika mbili, huamshwa na mguso mwepesi kuliko wa nguvu, na kwa kawaida hukuacha ulale. Ukilazimika kutibiwa jino, nenda ukiwa kwenye dozi yako kamili, omba ganzi ya kutosha hata kwa kusafishwa tu, na kikao kifupi.

Kula. Kila mtu ana vipande vyake vya ngozi na fizi ambavyo vikiguswa vinalipua. Tafuta vyako kwa kioo, kwa pamba, polepole, uvijue, kisha panga mlo kuvipita. Chakula kiwe cha vuguvugu, laini kiasi cha kuvunjika kwa ulimi, kwa kijiko kidogo upande wa kushoto. Mrija husaidia wengine, wengine kufyonza ndiko kunakowapiga. Jaribu kwa maji kabla ya kuuamini. Hapa wenye MS wana tahadhari yao: kama wakati mwingine hupaliwa, usikimbilie vimiminika vyepesi kama maji na supu nyembamba, vinateleza kuingia njia ya hewa. Uzito wa mtindi hupita salama zaidi. Kwa kilo ulizopoteza, kila kijiko kibebe nguvu: ongeza mafuta, maziwa ya unga, yai lililopondwa, na kula mara sita kidogo badala ya tatu. Baada ya mfululizo wa shoti huja kipindi kifupi ambapo neva imechoka na haiitiki. Ni cha sekunde hadi dakika chache. Wanaokijua wanakitumia kupitisha vijiko vinne vitano.

Mswaki uwe wa mtoto, wenye nywele laini na kichwa kidogo, maji ya vuguvugu, dawa ya meno isiyo na mnanaa mkali. Anza kushoto, malizia kulia, na kama fizi moja tu ndiyo kichochezi, pakaa jeli ya lidokeni kidogo sana hapo, subiri dakika chache, kisha pitisha. Usiimeze: koo lenye ganzi na MS havikai pamoja. Siku ambazo mswaki hauwezekani, sukutua klorheksidini ya asilimia 0.2, mililita 10 kwa dakika moja mara mbili kwa siku, ukijua kwamba ikitumika wiki nyingi hutia meno rangi ya kahawia. Upepo nje huzuiwa na kitambaa chepesi kisichogusa shavu, kilichofungwa kuanzia chini ya macho. Kinachobana huwa kichochezi chenyewe.

Upasuaji haujafika zamu yake, kwa sababu bado hujajaribu kabamazepini kwa haki. Zamu hufika dawa mbili zilizopandishwa vizuri zikishindwa, au zikikulevya kuliko unavyoweza kuishi. Kwa wenye MS kinachotangulia mara nyingi ni njia ya sindano: hupitishwa shavuni hadi tundu lililo chini ya fuvu, na neva hujeruhiwa makusudi kwa gliseroli, kwa joto la mawimbi ya redio, au kwa kuvimbishwa puto dogo. Nafuu huja upesi, mara nyingi siku ileile. Maumivu hurudi kwa wengi ndani ya miezi au miaka michache, na kwenye MS hurudi mapema kuliko kwa wengine, ila kazi inaweza kurudiwa. Malipo ni ganzi. Ganzi ya shavu huzoeleka. Ganzi ikifika kwenye jicho, kioo cha jicho hukwaruzika bila wewe kuhisi, na kwa wachache sana huja ganzi inayouma yenyewe, ambayo ni ngumu kutibu. Puto hudhoofisha pia misuli ya kutafuna upande huo kwa wiki au miezi.

Mionzi iliyolengwa, mfano ya mashine ya Gamma Knife, haina sindano wala kisu, lakini nafuu huchukua wiki hadi miezi, na vidonge vinaendelea katikati hapo. Kwa hali uliyonayo leo ingekuwa ni kusubiri mno. Ule wa kufungua fuvu nyuma ya sikio na kuutenga mshipa wa damu na neva una maana tu kama MRI imeonyesha mgandamizo wa kweli, na hata hapo matokeo kwa wenye MS ni duni kuliko kwa wasio nayo. Ukipendekezewa bila kuonyeshwa mshipa huo kwenye picha, omba daktari wa pili aitazame.

Kwa kuwa kuongea kunakuumiza, nakili maneno haya kwenye karatasi umpe mtu wa mapokezi, na mfamasia kila uendapo: "Nina MS na nyuralgia ya trijemina upande wa kulia. Natumia kabamazepini, sasa 200 kwa siku, na baklofeni 30 kwa siku. Nilipepesuka nilipochanganyiwa na klarithromaisini. Sina mzio wa kabamazepini. Nimepungua kilo 6 kwa kushindwa kutafuna. Naomba: kupandishiwa kabamazepini kwa ngazi, kupimwa sodiamu, chembe nyeupe na ini, na MRI ya mzizi wa neva ya tano. Tafadhali niulize maswali ya ndiyo na hapana."